Vumbi la Mawe, Mke Mwenzangu

Machi 2

Dada yangu amenipa daftari hili leo tulipokuwa tukitoka hospitali. Anasema mimi nina maneno mengi na mume wangu sasa anahitaji kupumzika, kwa hiyo maneno yangu niyamwage humu. Nimelipokea. Sijawahi kukataa kitu cha bure.

Daktari amesema hivi: kifua cha mume wangu kimejaa vumbi la miaka yote aliyosimama kwenye mashine ya kuponda mawe kule machimboni. Lililoingia ndiyo limeingia, halitoki. Ila kama halitaingia jingine, anaweza kuwa nasi muda mrefu tu. Nikamuuliza, na kama likiendelea kuingia? Akatazama dirishani. Nikaelewa, nikavaa viatu vyangu.

Sasa shida yenyewe iko nyuma ya nyumba yetu. Kuna lundo la vumbi la mawe, yale masalio yanayobaki mawe yakishapondwa kuwa kokoto. Malori ya machimboni yamelimwaga pale mwaka hadi mwaka mpaka limefika usawa wa paa. Kiangazi upepo ukivuma tunalila, tunalinywa, tunalilalia. Kila kikombe nyumbani kwangu kina kisahani juu yake, na bado ukimaliza chai unakuta tope la kijivu chini. Mimi lundo hilo naliita mke mwenzangu: lilikuja bila kuniuliza, halifanyi kazi yoyote, na linaning'ang'ania mume usiku na mchana.

Mvua imeanza juzi. Vumbi likilowa hutulia. Mvua ikikatika, upepo unarudi nalo. Kwa hiyo nina msimu huu mmoja wa kumfukuza mke mwenzangu, na sijui nitamfukuzaje.

Machi 3

Mvua. Amelala mchana kutwa, kakohoa kidogo tu. Nashukuru.

Machi 6

Mto umefurika na malori ya mchanga hayawezi kushuka. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye fundi wa matofali ya saruji hapa mtaani. Uwanja wake uko ubavuni mwa nyumba yetu na mimi ndiye mtu wake wa maji: napima maji ya kuchanganyia, namwagilia matofali yakishatoka kwenye kalibu ya kuyafinyangia, nayapanga. Watu wanamwita Konokono. Ukimuuliza jambo asubuhi, jibu unalipata jioni, tena hiyo jioni anakujibu kwa swali.

Leo nimemkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa anatazama mvua. Hakuna mchanga, hakuna kazi. Nikamwambia, shemeji, mchanga mbona upo nyuma ya nyumba, umefika kwenye paa.  Nikaenda kufua, nikaanika ndani, nikarudi. Ndipo akasema aliwahi kufanya kazi mahali walipochanganya vumbi la mawe na mchanga nusu kwa nusu, na matofali yakatoka mazuri. Ila vumbi lina kiu kuliko mchanga, linataka ndoo moja ya ziada. Nikamwambia ndoo ninazo.

Tukakubaliana pia kwamba wakati wake ni huu huu. Likiwa kavu huwezi kulichota bila kulivuta puani. Likiwa limelowa unalichota kama udongo wa bustani. Na mchanga wa akiba aliokuwa nao chini ya turubai utatosha kuanzia.

Machi 7

Mume wangu amekataa. Nilikaa naye kitandani nikamweleza kwa utaratibu, mimi ambaye utaratibu si kawaida yangu: tutalimaliza lundo lote kwenye matofali, upepo ukirudi usikute kitu cha kupeperusha. Akasema, "Liacheni lilipo." Nikamuuliza sababu. Akageukia ukutani. Tangu zamani hakuwa mtu wa maneno, na sasa pumzi ikiwa haba amebakiza ya lazima tu. Nimekasirika mpaka nimeunguza sufuria.

Machi 8

Tumeanza. Shemeji hajawahi kumpinga kaka yake tangu azaliwe, na leo amempinga bila kufungua mdomo. Amechukua beleshi na toroli akaenda nyuma. Nashukuru kuwa na Konokono.

Machi 11

Mvua. Matofali.

Machi 12

Mvua. Matofali. Mgongo.

Machi 16

Leo kaja mwanamke mmoja mkandarasi, ndiye anayejenga ukuta wa soko na mifereji yake. Mnene, buti hadi magotini, mwavuli wa kiume. Amezunguka mji mzima hakuna tofali, kwa sababu hakuna mchanga. Akayatazama ya kwetu yaliyopangwa chini ya turubai, akayagonga kwa ukucha, akauliza mbona ya kijivu sana. Shemeji akaanza kufikiria jibu. Nikamjibu mimi: ni vumbi la mawe, mama, jiwe lile lile ila limesagwa.

Hakutucheka. Alisema vumbi la mawe analijua, wapo wanaolitumia hata kwenye zege, na yeye hana ubaguzi. Ana kipimo chake kimoja tu. Anainua tofali hadi kiunoni na kuliachia lianguke. Likibaki zima, anachukua yote tutakayotengeneza mpaka soko liishe. Likivunjika, haonekani tena. Yakikauka sawasawa atarudi kuyaangusha.

Yote tutakayotengeneza, alisema. Nikageuka kulitazama lundo. Kwa mara ya kwanza nililiona lina mwisho.

Machi 19

Kalibu inatoa matofali laini, yanateleza vizuri, hayakwaruzi. Yakiwa mabichi yanabonyea chini kidogo, yanakaa kitako kama watoto walioshiba. Nayaonea fahari. Ndoo yangu ya ziada inafanya kazi.

Machi 24

Mume wangu amechungulia dirishani tukichota.  Nimempelekea chai, amenitazama kama mtu anayetaka kunizuia kwenda safari. Nikajifanya sioni.

Machi 29

Nyuma ya nyumba, pale tulipochota, kumekuwa na shimo kubwa kama chumba. Mvua ikinyesha maji yanakusanyika humo. Shemeji aliyatazama sana. Sikumuuliza, sikuwa na siku nzima ya kusubiri jibu.

Aprili 4

Sijui nianzie wapi.

Mkandarasi alifika asubuhi, mvua imepumzika. Alichagua tofali mwenyewe kutoka katikati ya rundo, siyo la juu tulilomwekea. Akaliinua kiunoni, akaliachia. Likavunjika vipande vipande, likalala pale kama mkate uliokauka. Akachukua la pili. La pili likafa kama la kwanza. La tatu alilivunja kwa mkono kwenye kona, akanionyesha makombo kwenye kiganja, wala hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Aliniambia, "Dada, ukuta huu watoto watauegemea." 

Nilimfuata mpaka barabarani. Nilimwambia ukweli wote: mume wangu, kifua, daktari, upepo. Sikuona aibu. Akasimama na mwavuli wake akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hawezi kujenga ukuta kwa huruma, ila soko halijaisha na mchanga haujapatikana, kwa hiyo tukitengeneza mengine atakuja kuyaangusha mara moja zaidi. Mara moja tu. Nilimshukuru mpaka akasema inatosha.

Shemeji alikaa juu ya ndoo yake. Nilidhani atakata tamaa, nikajiandaa kumsema. Badala yake aliinuka, akaanza kukusanya matofali yaliyovunjika na kuyapanga kando, moja moja, kwa upole. Nikamuuliza ya nini hayo. Akasema, "Yatapata kazi." Mtu huyu nimeishi naye uwanja mmoja miaka mingi nikimwona mvivu. Siyo mvivu. Hana haraka tu.

Aprili 5

Leo nimekwenda machimboni nikiwa nimejifunga kanga kiunoni. Nilitaka kumwona msimamizi, yule wa miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye kwa miaka yote nimekuwa nikimpita barabarani bila salamu. Ndiye aliyekuwa akiyaagiza malori kumwaga nyuma ya nyumba yangu. Nilimwambia aje achukue uchafu wake. Nilimwambia mume wangu alimtumikia mpaka mapafu yakaisha, na malipo yake ni kuletewa vumbi hadi kitandani. Nilisema mengine ambayo dada yangu akiyasoma humu ataninyang'anya daftari.

Aliniacha nimalize. Akavua miwani akaifuta. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu hajawahi kuniambia. Nikamuuliza, kuniambia nini?

Basi nikasimuliwa habari za nyumba yangu mwenyewe na mtu nisiyemsalimia. Nyuma yetu hapo zamani palikuwa na korongo, hata mimi nilishalisahau. Mwaka ule nilipokwenda kujifungulia kwa mama yangu, mvua kubwa ilishusha maji kwenye korongo lile yakabomoa ukuta wa nyuma na kuingia hadi chumbani. Mume wangu alijenga upya peke yake, usiku baada ya kazi. Halafu akaenda kwa msimamizi akamwomba lori moja la vumbi la kuziba korongo. Kisha jingine. Kila mvua zikikaribia alikuwa anaomba jingine, maana maji huwa yanakula. Msimamizi hakuagiza hata moja. Alikuwa anaombwa, na kwa kuwa alimpenda, alikuwa anatoa. Baadaye madereva wakazoea, wakawa wanamwaga tu bila kuuliza.

Nilirudi nyumbani na kanga imelegea. Njiani nilikumbuka nilivyorudi na mtoto mgongoni mwaka ule, nikakuta nyumba imepakwa chokaa mpya. Nilimsifia chokaa.

Aprili 6

Nilimsubiri aamke. Nikamwambia nimeongea na msimamizi. Alifumba macho kidogo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na kichanga," akasema. Akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Nilitaka ukirudi ukute pakavu."

Nimeolewa na mtu huyu miaka yote hii na nimelala nikimlalamikia lundo lile, na yeye analala akilikohoa, na hakuwahi kusema kwamba ndilo linaloshikilia ukuta ninaoulalia. Nililia. Kisha nikamkasirikia. Kisha nikamshukuru, yote kwenye kitanda kimoja, na yeye kanishika mkono anangoja nimalize, maana ananijua.

Nikamwambia tutajenga ukuta. Pale pale lundo lilipo, wa matofali ya lundo lenyewe, na mfereji wa kupeleka maji pembeni. Akauliza matofali yapi, yale yaliyovunjika kwa kuangushwa? Kumbe alisikia yote dirishani.

Halafu akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu augue. Akavaa viatu, akapitia mlango wa nyuma, akaenda hadi kwenye lundo. Nilimkimbilia na kitambaa cha kumfunga puani. Akakataa kwa mkono: limelowa, haliruki. Akachota konzi moja, akaikamua. Maji yakamtoka katikati ya vidole, yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi na ndoo yangu.

"Hili limeshiba," akasema. "Nyie mnalinywesha tena?"

Shemeji alibaki mdomo wazi. Kule alikojifunza kazi hii walifanya kiangazi, vumbi kavu, ndoo ya ziada ilikuwa sawa. Hapa lundo limenyeshewa tangu mwanzo wa Machi, limejaa maji ndani kwa ndani, na mimi kila mchanganyiko naliongezea ndoo yangu kwa uaminifu na fahari. Ule ulaini nilioupenda, kile kitako cha mtoto aliyeshiba, ilikuwa saruji inazama majini. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mume wangu naye akacheka, akakohoa, tukamrudisha kitandani. Lakini alicheka. Nashukuru kwa hilo kuliko nitakavyoweza kuandika.

Aprili 7

Utaratibu mpya. Kabla ya kuchanganya, unakamua konzi. Likitoa maji, ndoo ya ziada haipo, na ya kawaida inapunguzwa. Likishikana tu bila kutoa maji, unaongeza kidogo kidogo. Shemeji pia ameanza kulipitisha kwenye wavu kutoa ule unga laini kabisa, ambao anasema unakula saruji bure. Mchanganyiko sasa ni mkavu, unaugonga kwenye kalibu mpaka mkono unaimba. Tofali linatoka limesimama wima. Halina kitako hata kidogo, na mimi nimejifunza kulipenda hivyo hivyo.

Aprili 8

Nimemsalimia msimamizi barabarani. Karibu aanguke mtaroni.

Aprili 13

Mvua. Matofali. Mume wangu anakaa kibarazani na kitambaa chake, tunampelekea konzi ya kila asubuhi anaikamua na kutoa hukumu. Amekuwa hakimu.

Aprili 21

Jua siku ya pili mfululizo. Watu wote mtaani wamefurahi, wameanika magodoro. Mimi peke yangu nazunguka nikiiombea mvua. Sehemu ya juu ya lundo imeanza kupauka, na jioni upepo mdogo uliinua vumbi jembamba likaingia jikoni. Alikohoa usiku. Tumelifunika kwa maturubai yote tuliyonayo, na la jirani juu.

Aprili 23

Mvua imerudi. Nimesimama nje nikalowa kwa makusudi.

Mei 5

Mkandarasi amekuja. Shemeji hakuweza kutazama, alijificha nyuma ya toroli. Mume wangu alitoka akaketi kibarazani, na mimi nikashika nguzo.

Akachagua kutoka katikati, kama safari ile. Akaliinua kiunoni, akaliachia. Likadunda upande, likagalagala, likatulia. Akaliinua tena, safari hii hadi kifuani. Likachubuka kona tu. Akachukua jingine, na jingine. Mwisho akasimama juu ya tofali na buti zake na uzito wake wote, akarukaruka kidogo, sura ile ile ya kazi.

Akasema kesho lori linakuja. Akasema vilevile kwamba anahitaji vumbi lenyewe la kuweka kwenye zege la mifereji badala ya sehemu ya mchanga, kama tunalo la kutosha. Kama tunalo la kutosha! Mume wangu alicheka mpaka nikamletea maji.

Mei 6

Lori. Shemeji amepakia huku anaimba. Sikujua kwamba anaweza.

Mei 14

Lundo liko usawa wa dirisha. Nimeiona milima nyuma ya nyumba yangu. Nilikuwa nimeshasahau kwamba ipo.

Mei 17

Msimamizi amekuja mwenyewe, kavaa shati safi, akatuletea kijiko cha machimboni, ile mashine ya kuchotea, na dereva wake kitusaidie kupakia siku nzima. Hakutaka chochote. Alikaa kibarazani na mume wangu wakaongea habari za mashine za zamani, au tuseme yeye aliongea na mwenzake akaitikia. Aliniomba radhi kwamba hakuwahi kuwakataza wale madereva. Nilimwomba radhi kwa yale ya Aprili. Akasema ameshayasahau. Hajayasahau, nimemwona anavyokaa mbali na mimi, lakini namshukuru kwa kusema hivyo.

Mei 20

Ukuta wetu. Shemeji amechimba msingi kukata korongo, na humo chini amepanga yale matofali yote yaliyovunjika aliyoyakusanya Aprili, akayashindilia, akamwagia zege juu. Kumbe hii ndiyo kazi aliyosema yatapata. Mwezi mzima na zaidi alikuwa anaijua.

Mei 27

Kumebaki vumbi la kujaza nyuma ya ukuta tu. Tumelifukia na udongo juu, na nimepanda nyasi. Mke mwenzangu amekwisha kuhamishwa. Nusu yake iko sokoni, nusu yake imegeuka kuwa ukuta wangu. Ndiyo mara ya kwanza anafanya kazi.

Mei 30

Mvua ya mwisho, na haikutaka kuaga kwa adabu. Ilianza alasiri na ngurumo, maji yakashuka kutoka mlimani yakiwa mekundu. Mume wangu alisimama dirishani, nami nikasimama naye.  Safari hii hakuwa peke yake. Maji yalifika kwenye ukuta, yakapanda, yakatafuta njia, kisha yakageuka yakafuata mfereji hadi barabarani. Shemeji alikuwa nje na beleshi, kalowa chapachapa, anayaelekeza kama mtu anayefukuza kuku.

Ndani pamebaki pakavu. Mume wangu aligusa ukuta wa chumbani kwa kiganja, juu hadi chini, kisha akaenda kulala.

Juni 4

Jua.

Juni 6

Jua. Nyasi zimeshika.

Juni 11

Upepo umekuja leo. Niliusikia kabla sijaamka, ule mluzi wa kwenye bati ninaoujua. Niliruka kitandani, nikafunga madirisha yote, nikatafuta kitambaa cha mume wangu. Halafu nikasimama katikati ya chumba na kitambaa mkononi. Mwanga ulikuwa unaingia kupitia kioo na hakukuwa na kitu kinachoelea ndani yake.

Nilitengeneza chai. Nikampelekea kibarazani, upepo unapeperusha kanga yangu, nikafunika kikombe kwa kisahani kama nilivyofanya kila kiangazi tangu lundo lije. Akakitazama kisahani. Akakiondoa, akanirudishia mkononi.

"Acha," akasema. "Nataka kuiona."

Alikunywa polepole, kikombe wazi, upepo ukimpiga usoni. Alivuta pumzi ndefu mara moja nikangoja kikohozi, hakikuja. Alipomaliza nilichukua kikombe nikakiinamisha kwenye mwanga. Chini kulikuwa na majani ya chai tu.